Halipo, Haliko au Halimo? Sarufi ya Kiswahili katika Utambuzi wa Kasoro za Michoro ya Nyumba kwenye Tarakilishi

Ikisiri

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kumfaa mchoraji wa ramani za nyumba anayetumia programu za usanifu wa tarakilishi. Hoja kuu ni kwamba kasoro zinazojitokeza katika programu hizo ni za aina mbili: zile za mchoro wenyewe na zile za mwonekano wa mchoro kwenye kiwambo. Anayeshindwa kuzitenganisha huharibu mchoro uliokuwa mzima, au huuachilia mbovu ufike mikononi mwa fundi. Viambishi vya mahali po, ko na mo, pamoja na kauli za kutendeka, kutendesha na kutendua, vinatupa njia nyepesi ya kuzitenganisha. Makala yanajikita katika mifano halisi ya kasoro hizo na kuhitimisha kwa mapendekezo kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Uchoraji kwa tarakilishi si jambo geni tena. Mnamo mwaka wa 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha programu yake ya Sketchpad katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani; kwayo mtu aliweza kuchora mistari moja kwa moja kwenye kiwambo kwa kalamu ya nuru. Programu ya AutoCAD ilifuata mwaka wa 1982, SketchUp mwaka wa 2000, na Sweet Home 3D, ambayo hupatikana bila malipo, mwaka wa 2006. Leo hii mwanafunzi mwenye tarakilishi ya kawaida anaweza kuchora nyumba ya vyumba vitatu, akaizungusha na kuitazama kutoka kila upande kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Hata hivyo, mchoro hauishii kwenye kiwambo. Hatimaye ramani humfikia fundi kwenye uwanja wa ujenzi, na mazungumzo baina ya fundi na mchoraji, hapa kwetu, mara nyingi huwa kwa Kiswahili. Fundi ana timazi ya kupimia wima, pima maji ya kupimia usawa, na msamiati wake kamili wa msingi, linta, kenchi na mwimo. Mchoraji naye ana programu inayomsemesha kwa Kiingereza. Kasoro ikitokea, wawili hawa hukosa lugha ya pamoja ya kuijadili. Fundi husema "dirisha halipo", mchoraji husisitiza "lipo", na kila mmoja ana haki kwa upande wake.

Swali linalotukabili wanafunzi wa Kiswahili basi si iwapo tuna istilahi za kutosha tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lugha rasmi haina budi kuweza kueleza kwa nini ukuta umetoweka kwenye ramani na nini kifanywe ili urejee. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya uwezo huo tunao tayari, nao umo katika sarufi.

2.0 Mchoro na Mwonekano

Ili tuielewe kasoro, sharti kwanza tuelewe kinachohifadhiwa. Programu ya usanifu haihifadhi picha. Huhifadhi tarakimu: ukuta huu unaanzia nukta hii, unaishia nukta ile, una unene wa milimita 200 na kimo cha milimita 2,700. Hizo tarakimu ndizo mchoro. Kila tunaposogeza au kukuza ramani, programu hutuma maelezo kwa kadi ya michoro iliyo ndani ya tarakilishi, nayo kadi huyageuza kuwa vitone vya rangi kwenye kiwambo. Vitone hivyo ndivyo mwonekano.

Tuchukue mfano wa duara. Mchoraji wa AutoCAD anaweza kukuza sehemu ya mchoro akakuta tangi la maji alilolichora kama duara limekuwa umbo lenye pembe nyingi. Akiwa mwepesi wa mkono atalifuta na kulichora upya, na kasoro itarudi vilevile. Ukweli ni kwamba duara halikuharibika. Ili kuokoa muda, programu ilichora vipande vichache vilivyonyooka badala ya mzingo kamili. Amri ya REGEN, inayoiagiza programu kukokotoa mwonekano upya, hulirejesha duara katika umbo lake. Hapa kasoro ilikuwa ya mwonekano.

Sasa tuchukue kinyume chake. Mchoraji amechora kuta nne za chumba, nazo zinaonekana kukutana barabara kwenye pembe. Anapotaka kujaza sakafu kwa rangi, programu inakataa. Akikuza pembe moja mara nyingi anagundua mwanya wa milimita moja baina ya mistari miwili. Kwa jicho, chumba kilikuwa kimefungika. Kwa tarakimu, kilikuwa wazi. Mwonekano ulikuwa mzuri ilhali mchoro ulikuwa na kasoro.

Mifano hii miwili inadhihirisha kwamba jicho peke yake si shahidi wa kutegemewa. Mchoraji anahitaji maswali, na maswali hayo yanahitaji lugha inayotofautisha kuwepo na kuonekana.

3.0 Po, Ko na Mo kama Maswali ya Uchunguzi

Kila mwanafunzi wa mofolojia anafahamu kwamba po huashiria mahali dhahiri, ko mahali pasipo dhahiri, na mo mahali pa ndani. Darasani tofauti hii hufunzwa kwa mifano ya kitabu kilicho mezani na maji yaliyomo mtungini. Katika uchunguzi wa kasoro za ramani, tofauti hiyohiyo inageuka kuwa maswali matatu yanayofuatana.

Tuseme dirisha dogo la bafu halionekani kwenye ramani ya sakafu. Swali la kwanza ni: je, halipo? Yaani, halionekani mahali hapa mahususi, katika mwonekano huu mahususi? Ramani ya sakafu ni mkato wa nyumba kwa usawa, na mkato huo huwa na kimo chake. Katika violezo vya metriki vya programu ya Revit, kimo hicho kwa kawaida ni milimita 1,200 kutoka sakafuni. Dirisha la bafu ambalo kizingiti chake cha chini kipo milimita 1,500 juu ya sakafu liko juu ya mkato, kwa hivyo huenda lisichorwe kwenye ramani hata kidogo. Kwenye taswira ya pande tatu linaonekana vizuri. Tiba ni kurekebisha kimo cha mkato, si kuchora dirisha jingine.

Swali la pili ni: je, haliko? Yaani, halipatikani kokote katika faili nzima? Hapa mchoraji haangalii ramani, bali orodha ya madirisha ambayo programu huiandaa yenyewe kutokana na tarakimu. Likiwa kwenye orodha, basi liko, hata kama macho hayalioni. Likikosekana kwenye orodha, ndipo tunaweza kusema kwa yakini kwamba halikuchorwa au lilifutwa.

Swali la tatu ni: je, halimo? Katika programu nyingi za nyumba, dirisha halichorwi juu ya ukuta. Hupachikwa ndani ya ukuta, na ukuta hutobolewa ili kulipokea. Ikiwa dirisha limewekwa sentimita chache kando ya ukuta, litaonekana kwenye ramani kana kwamba liko mahali pake, lakini kwenye taswira ya pande tatu ukuta utabaki mzima bila tundu. Dirisha lipo na liko, ila halimo. Tiba yake ni kulisogeza hadi lishikamane na ukuta.

Umuhimu wa maswali haya unajitokeza wazi tukizingatia gharama. Mchoraji anayelichanganya dirisha lisiloonekana na dirisha lisilokuwepo atachora la pili juu ya la kwanza. Kwenye ramani hakuna atakayegundua. Kwenye orodha, hata hivyo, bafu moja litakuwa na madirisha mawili, na mwenye nyumba atanunua fremu na vioo vya ziada. Kasoro iliyokuwa ya mwonekano imegeuzwa kuwa kasoro ya mchoro, na kutoka hapo ikawa hasara ya fedha.

4.0 Kauli ya Kutendeka: Kutaja Dalili

Baada ya kuuliza mahali, mchoraji hana budi kuieleza dalili. Aghalabu watu hueleza dalili kwa kauli ya kutendwa: "mstari umefichwa", "tabaka limefungwa". Kauli hii hudokeza kuwapo kwa mtenda, nasi huanza kumtafuta wa kulaumiwa kabla ya kujua kilichotokea. Kauli ya kutendeka haina mzigo huo. Tukisema "mstari umefichika", tunaieleza hali bila kumtaja wala kumdokeza mtenda. Kwa mchunguzi, huu ndio mwanzo ufaao.

Fauka ya hayo, kauli ya kutendeka ina maana mbili zinazofaana hapa. Maana ya kwanza ni hali iliyokwisha kufikiwa: ukuta umekatika, rangi imefifia. Maana ya pili ni uwezekano: mstari haufutiki, fremu haisogezeki, chumba hakijaziki. Maana ya kwanza mara nyingi huelekeza kwenye mwonekano au umbo. Maana ya pili huelekeza kwenye mpangilio wa programu au kasoro ya tarakimu. Mstari usiofutika, kwa mfano, mara nyingi umo katika tabaka lililofungwa. Chumba kisichojazika kina mwanya mahali fulani kwenye mipaka yake.

Mwanafunzi anayetaka kuandika mwongozo wa Kiswahili kuhusu programu yoyote anaweza basi kuanza na orodha ya dalili zilizo katika kauli hii. Msomaji mwenye tatizo hajui chanzo. Anachokijua ni kwamba jambo fulani halitendeki.

5.0 Kauli ya Kutendesha: Kutaja Chanzo

Dalili ikishatajwa, swali linalofuata ni nini kinachoisababisha. Kauli ya kutendesha hutulazimisha kutaja kiima, yaani kile kinachosababisha. Sentensi "mistari inatetema" inaridhika bila chanzo. Sentensi "tarakimu kubwa zinaitetemesha mistari" inatupa pa kuanzia. Tuangalie vyanzo vinne vya kawaida.

Chanzo cha kwanza ni umbali kutoka nukta ya sifuri. Mchoraji akipokea faili ya kiwanja kutoka kwa mpimaji ardhi, kiwanja hicho huweza kuwa kimewekwa kwa majira halisi ya ramani. Katika mfumo wa UTM, maeneo ya Nairobi yana majira ya kaskazini ya takriban mita 9,857,000. Kadi nyingi za michoro hukokotoa mwonekano kwa tarakimu za usahihi mmoja, zenye takriban tarakimu 7 tu za kutegemewa. Kwa thamani kubwa kiasi hicho, hatua ndogo kabisa inayoweza kutofautishwa ni mita 1 nzima. Programu isiyochukua tahadhari ya kuusogeza mchoro kabla ya kuutuma kwenye kadi itaonyesha kuta zinazotetema na pembe zilizovunjika, ijapokuwa tarakimu zilizohifadhiwa kwenye faili ni sahihi. Suluhisho ni kuichora nyumba karibu na nukta ya sifuri na kuhifadhi majira halisi kama kumbukumbu kando.

Chanzo cha pili ni nyuso mbili zilizolaliana. Mchoraji akiweka sakafu ya vigae mahali palepale penye sakafu ya saruji, bila tofauti yoyote ya kimo, kadi ya michoro haiwezi kuamua upi uko mbele. Taswira ikizungushwa, madoa ya rangi hizi mbili humetameta na kubadilishana. Wengi hudhani kiwambo kimeharibika. Kinachoyametesha madoa ni mchoro, na tiba ni kuuondoa uso mmoja au kuuinua kwa kiasi cha unene halisi wa kigae.

Chanzo cha tatu ni vipimo visivyolingana. Inchi moja ni milimita 25.4. Mchoro uliochorwa kwa milimita ukifunguliwa kana kwamba ni wa inchi, ukuta wa mita 3 huwa na urefu wa mita 76.2. Kinyume chake, kitanda kilichochorwa kwa inchi 80 kikiingizwa kwenye ramani ya milimita bila ubadilishaji huwa na urefu wa milimita 80, sawa na kidole. Mchoraji hukitafuta asikione, akaamini hakikuingia. Kipo, ila ni kidogo mno.

Chanzo cha nne ni kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiunganisha tarakilishi na kadi yake ya michoro. Kiendeshi kilichopitwa na wakati huweza kulifanya dirisha la pande tatu liwe jeusi tititi au liache alama za mistari iliyokwisha kusogezwa. Jaribio lake ni rahisi: programu nyingi zina mpangilio wa kuizuia kadi kuharakisha uchoraji. Mpangilio huo ukiwashwa na taswira ikarudi, basi chanzo ni kadi au kiendeshi chake, na mchoro hauna lawama. Kiendeshi kipya hupatikana kwa mtengenezaji wa kadi.

6.0 Kauli ya Kutendua: Kutaja Tiba

Kauli ya kutendua hurejesha hali iliyokuwapo kabla ya tendo: funga na fungua, kunja na kunjua, kwama na kwamua. Si ajabu basi kwamba programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zimelichukua neno la sarufi, tendua, likawa jina la amri ya kulibatilisha tendo la mwisho.

Matumizi bora ya kauli hii yanapatikana katika matabaka. Tabaka ni kama karatasi angavu inayobeba aina moja ya vitu: kuta kwenye moja, nyaya za umeme kwenye nyingine, mabomba ya maji kwenye nyingine. Katika AutoCAD, tabaka huweza kuzimwa, kugandishwa au kufungwa. Lililozimwa halionekani. Lililogandishwa halionekani wala halikokotolewi programu inapouchora mwonekano upya. Lililofungwa linaonekana lakini vilivyomo havibadilishiki. Kwa hali hizi tatu Kiswahili kina tiba tatu zilizo wazi: washa, gandua, fungua.

Ifahamike kwamba gandua inafaa hapa kuliko yeyusha. Kuyeyusha hubadilisha hali ya kitu. Kugandua hukinasua kilichoganda kikabaki kilivyokuwa, na ndivyo lilivyo tabaka. Vilevile fichua inaweza kutumiwa kwa kilichofichika, ingawa katika matumizi ya kila siku neno hili limeelemea upande wa kutoa siri. Zima nayo haina umbo la kutendua linalotumika. Jozi yake ni washa, kitenzi chenye mzizi tofauti kabisa.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa. Vitenzi chora na pima havina umbo la kutendua. Kilichochorwa vibaya hufutwa kikachorwa upya. Kilichopimwa vibaya hupimwa tena. Hii si kanuni ya sarufi ya kutegemewa kila mahali, bali ni ukumbusho unaofaa: aghalabu kasoro za mwonekano hutibika kwa kutendua, kwa kuwa mchoro umesalia mzima chini yake, ilhali kasoro za mchoro hudai kazi kufanywa upya.

7.0 Kutoka Kiwambo hadi Karatasi

Kasoro yenye madhara makubwa zaidi hujitokeza wakati wa kuchapisha. Chumba cha mita 4 katika skeli ya 1:100 huwa milimita 40 kwenye karatasi. Ramani iliyoandaliwa kwa karatasi ya A3 ikichapishwa kwa kubanwa ili itoshe kwenye A4, milimita 40 hupungua hadi takriban 28. Maandishi ya pembeni bado yanasema 1:100. Fundi anayeiamini rula yake atasoma mita 2.8, na chumba kitapungukiwa na zaidi ya mita moja. Mchoro haukuwa na kasoro, wala kiwambo. Karatasi ndiyo iliyopotosha. Kinga yake ni kuandika vipimo kwa tarakimu kwenye kila ukuta, kuchora mstari wa skeli unaopungua pamoja na ramani, na kumwelekeza fundi afuate tarakimu zilizoandikwa badala ya kuipima karatasi.

Aidha, kuna vitu vinavyoonekana kwenye kiwambo na kukosekana kwenye karatasi. AutoCAD ina tabaka liitwalo Defpoints ambalo vilivyomo huonekana lakini havichapwi. Anayechora ukuta humo kwa kutojua atampelekea fundi ramani isiyo na ukuta huo. Hivyo basi, anayechunguza kasoro anashauriwa kufuata hatua hizi kwa utaratibu:

(i) Hifadhi nakala ya faili kabla ya kugusa chochote.
(ii) Itaje dalili kwa kauli ya kutendeka, bila kukisia chanzo.
(iii) Uliza: halipo, haliko au halimo? Tazama mwonekano mwingine, kisha orodha ya programu, kisha mahali kitu kilipopachikwa.
(iv) Agiza programu ikokotoe mwonekano upya, na uangalie hali ya matabaka.
(v) Fungua faili ileile kwenye tarakilishi nyingine. Kasoro ikitoweka, shuku kadi au kiendeshi cha tarakilishi ya kwanza; ikisalia, shuku mchoro au mipangilio iliyohifadhiwa nao.
(vi) Chapisha ukurasa mmoja na upime kwa rula ukuta ambao urefu wake unaujua.
(vii) Baada ya haya yote, ndipo ufute au uchore upya.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utambuzi wa kasoro za michoro ya nyumba unategemea kutofautisha kilichopo na kinachoonekana, na kwamba Kiswahili kinaiweka tofauti hiyo kinywani mwa kila mzungumzaji. Viambishi vya mahali vinauliza, kauli ya kutendeka inataja dalili, kauli ya kutendesha inataja chanzo, na kauli ya kutendua inaelekeza kwenye tiba pale tiba hiyo inapowezekana.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa usanifu majengo vyuoni kuandika miongozo mifupi ya programu hizi, wakianza na dalili badala ya majina ya amri. Pili, wahadhiri wa mofolojia wazitumie kasoro za namna hii kama mifano darasani sambamba na kitabu na mtungi. Mwanafunzi atakayeeleza kwa ufasaha kwa nini dirisha liko ila halimo atakuwa ameielewa sarufi yake, na fundi atakayemsikiliza atajua pa kuutoboa ukuta.